Mtoki Shingoni mwa Mtoto: Kabla ya Kwenda Dukani

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Laela, akimwogesha mwanawe wa miaka 3 jioni ya mwezi Juni, wakati baridi ya Ufipa imeshika. Vidole vyake vinakutana na vivimbe viwili vidogo nyuma ya sikio, na kingine chini ya taya. Mtoto halii wala hashtuki. Anaendelea kuchezea maji. Mama ndiye asiyelala usiku huo. Asubuhi jirani anasema ni kifua kikuu, wifi anataja saratani, na mtu wa tatu anadai kuwa mtoto ametupiwa kitu. Jua halijapanda sana, mama amekwisha kutoa fedha aliyouzia mahindi, na mkononi ameshika vidonge vya rangi mbili vilivyofungwa katika kipande cha karatasi, bila jina wala maelezo.

Mama huyu amenunua dawa ya ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Somo hili linamhusu yeye na kila mzazi aliyewahi kufanya kama yeye.

Wazee wetu wanaujua mtoki. Kijana akitokwa na uvimbe kinenani, swali la kwanza la mzee huwa ni hili: “Mguu una nini?” Na mara nyingi mguuni hukutwa kidonda, mwiba au funza. Elimu hiyo ni sahihi kabisa, na yafaa kupandishwa hadi shingoni. Mwili una mamia ya tezi za limfu, ambazo ni mfano wa vituo vya ulinzi vilivyopangwa njiani. Majimaji yanayotoka katika sehemu fulani ya mwili hupitia katika tezi za jirani, na vijidudu vilivyomo hukamatwa humo. Kazi ikizidi, tezi huvimba. Kwa hiyo mzazi aliyeona uvimbe nyuma ya sikio na auulize kichwa: je, kuna mapunye, chawa au vidonda? Uvimbe chini ya taya auulize kinywa na koo: je, kuna jino bovu, mafua, au maumivu wakati wa kumeza? Wa kwapani auulize mkono. Mtoto mchanga aliyepata chanjo ya kifua kikuu huweza kuvimba tezi ya kwapa la upande uleule aliochanjwa. Aonyeshwe kliniki, na uvimbe huo usikandwe wala kutumbuliwa.

Watoto wadogo huvimba tezi mara nyingi kuliko watu wazima, kwa kuwa kila mafua kwao ni mageni na mwili unajifunza. Tezi laini, inayoteleza chini ya kidole, isiyozidi sentimita 1 shingoni, ni jambo la kawaida kwa mtoto mwenye afya. Baada ya mafua huweza kukaa wiki kadhaa ikisinyaa polepole, na nyingine hubaki kama punje ndogo kwa miezi bila madhara.

Mzazi anaweza kupima mwenyewe. Achukue rula ya mwanafunzi, aiweke kando ya uvimbe, aandike tarehe na ukubwa nyuma ya kadi ya kliniki, kisha apime tena baada ya juma moja. Asiubonyezebonyeze kila saa, maana tezi inayominywa huuma na kuvimba zaidi, na wasiwasi wa mama huongezeka kwa kazi ya vidole vyake mwenyewe. Kuichanja kwa wembe ni hatari zaidi, kwa sababu huingiza vijidudu vipya na huweza kuacha kidonda kisichofunga. Kukata kimeo hakuponyi tezi wala kikohozi, na watoto hupoteza damu kwa ajili yake. Kuhusu yule aliyesema mtoto ametupiwa kitu, wenyeji wenyewe hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni “tupa uchawi”. Nasi twaona kuwa hilo ni shauri zuri.

Sasa turudi dukani. Maduka ya dawa muhimu, yaliyochukua nafasi ya yale yaliyoitwa maduka ya dawa baridi, yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa iliyofuata. Shabaha ilikuwa kumwezesha mwananchi wa kijijini kupata dawa salama kutoka kwa mtoa dawa aliyefunzwa. Ni huduma yenye manufaa makubwa, lakini ina mipaka. Duka hilo si zahanati: halina ruhusa ya kumpima mtoto kama mgonjwa wala kumchoma sindano. Mtoa dawa mwema akionyeshwa tezi ya mtoto hukuelekeza kituo cha afya, na hapo anakuwa amekuhudumia vizuri hata kama hakukuuzia kitu.

Tezi nyingi za watoto huvimba kwa sababu ya virusi, na antibiotiki haziui virusi. Zipo tezi zinazohitaji antibiotiki kweli: zile zilizo nyekundu, za moto, zinazouma, mara nyingi upande mmoja, na mtoto ana homa. Lakini kipimo cha mtoto hukadiriwa kwa uzito wake. Kidonge cha mtu mzima kinachofunguliwa na kugawanywa kwa jicho ni kubahatisha, na dozi ya siku mbili kwa sababu fedha imeishia hapo huwazoesha vijidudu dawa bila kuwamaliza. Hatari nyingine haijulikani sana. Baadhi ya watu huuziwa prednisolone au deksamethasone “ili uvimbe ushuke.” Uvimbe huweza kushuka kweli, hata ule wa saratani ya tezi, kwa muda, kisha daktari hupata shida kuutambua wakati ambapo kila juma lina thamani. Mzazi asikubali dawa hizo kwa mtoto mwenye tezi isiyojulikana chanzo.

Ikiwa dawa imeandikwa na mtaalamu, mlaji ana haki ya kuiona katika kifungashio chake, kusoma jina na tarehe ya mwisho wa matumizi, kuandikiwa kiasi na saa za kumpa mtoto, na kupewa risiti. Vidonge vilivyofungwa katika karatasi isiyo na maandishi virudishwe hapohapo kaunta.

Kuhusu kifua kikuu, jirani wa Laela hakutaja jambo la kupuuzwa. Ugonjwa huo hushambulia tezi pia, hasa za shingo. Uvimbe hukua taratibu kwa majuma, hauumi sana, huweza kushikamana na mwingine, na mwishowe kupasuka. Shaka huongezeka iwapo nyumbani yupo mtu mwenye kikohozi kirefu. Kuna njia nyingine inayowahusu hasa wafugaji: maziwa mabichi. Vimelea vya kifua kikuu cha ng’ombe vimekwisha kupatikana kwa wagonjwa wa Tanzania, wakiwamo wenye uvimbe wa tezi za shingo. Maziwa yachemshwe mpaka yafure, hata kama babu alikunywa mabichi akazeeka. Vipimo na matibabu ya kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma, na dawa humezwa kwa miezi kadhaa. Katika miezi hiyo tezi huweza kuvimba kidogo kabla ya kupungua. Hiyo isiwe sababu ya kuacha dawa, bali mzazi amweleze mhudumu.

Zipo dalili ambazo haziruhusu kungoja juma la pili la rula. Tezi iliyo juu tu ya mtulinga. Tezi ngumu isiyosogea. Iliyozidi sentimita 2 na inaendelea kukua. Mtoto anayekonda, anayetokwa jasho jingi usiku, mwenye homa isiyokwisha, aliyepauka, au mwenye michubuko bila kuanguka. Mtoto anayepumua kwa shida au asiyeweza kumeza mate apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Wazazi wa Bonde la Ziwa Rukwa na wa mwambao wa Tanganyika, kuanzia Kasanga hadi Kirando na Kabwe, waongeze uangalifu kwa uvimbe wa taya. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu saratani ya watoto inayovimbisha taya na kulegeza meno. Baadaye ilidhihirika kuwa huonekana zaidi katika nchi za joto zenye malaria nyingi, na huwa adimu nyanda za juu kama Ufipa penyewe. Hukua upesi mno, pengine ikaongezeka maradufu ndani ya siku chache. Hata hivyo ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri mtoto akifikishwa mapema. Safari huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Sumbawanga, na huweza kufika Mbeya au Muhimbili.

Huduma kwa watoto walio chini ya miaka 5 hutolewa bila malipo katika vituo vya umma kwa mujibu wa sera ya afya. Mzazi abebe kadi ya kliniki yenye vipimo vyake vya rula, pamoja na kila dawa aliyokwisha kumpa mtoto, ikiwamo ya mitishamba, aitaje bila haya. Mhudumu atauliza kuhusu kikohozi nyumbani, maziwa, na safari za bondeni. Huenda akashauri vipimo vya damu, pamoja na cha virusi vya UKIMWI, kwa kuwa tezi zilizovimba sehemu nyingi kwa muda mrefu huhitaji jibu hilo. Aliye mbali na kituo anaweza kwanza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo.

Kwa yule mtoto wa Laela, mhudumu angeanza kwa kufunua nywele. Huenda angekuta mapunye, ambayo hutibiwa kwa dawa ya fangasi ya kumeza kwa majuma kadhaa. Vidonge vya rangi mbili visingeyagusa.