SOMO: Kabla Kikundi Hakijanunua Sabwufa Kubwa Zaidi



Somo hili limetokana na makosa yetu wenyewe. Kikundi chetu hukutana kila wiki nyumbani kwa mwanachama, kwa zamu, na tukimaliza mambo ya pesa tunasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa, ya kilimo na ya Neno, halafu nyimbo kidogo. Redio ilikuwa ndogo, wa nyuma hawakusikia. Basi tukachukua pesa tulizokuwa tumepanga kukopeshana za karo, tukanunua seti ya sabwufa na spika mbili ndogo. Katoni ilikuwa imeandikwa PMPO 5000. Tukafikiri tumepata!

Siku ya kwanza mabati yalitetemeka, watoto wakafurahi, na kina mama wazee wakasema hawasikii mwalimu anasema nini. Baada ya saa mbili betri ikazima. Wengine wakaanza kusema ati tuongeze pesa tununue kubwa zaidi. Ni vizuri tulingoja kwanza.

Hebu tuanze na hiyo PMPO. Si nguvu ya kweli, ni hesabu ya muuzaji tu. Geuza seti, usome kibandiko cha nyuma mahali pameandikwa wati za umeme inaokula. Yetu ilikuwa 120. Kifaa hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko ile inayokula, kwa hivyo ile 5000 ingetoka wapi? Nambari ya kuuliza dukani ni wati za RMS. Muuzaji akikosa kuijua, soma kibandiko.

Kibandiko hicho hicho kilitueleza habari ya betri. Wati 120 kwa betri ya volti 12 ni ampea 10. Betri yetu ni ya ampea-saa 50, na betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Nusu ni 25, gawanya kwa 10, unapata saa mbili na nusu, na inveta nayo inakula yake. Kweli seti haili wati zote wakati wote, lakini sisi tulikuwa tumefungulia mpaka mwisho. Wenye stima nyumbani hawana shida hii, ila wanaotumia sola wafanye hesabu hii kabla ya kutoa hata shilingi.

Sasa kwa nini wazee hawakusikia? Sabwufa kazi yake ni mdundo wa chini, kama hetzi 100 kushuka. Maneno ya mtu hueleweka kwa sauti za juu, sana sana kati ya hetzi 1000 na 4000, na hizo zinatoka kwa zile spika ndogo. Tulikuwa tumeziweka sakafuni nyuma ya viti! Tuliziinua juu ya kabati, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, tukapunguza besi, na mwalimu akasikika. Hatukulipa kitu.

Wanaotaka besi zaidi kwa nyimbo, wajue hili pia: ukiongeza wati mara mbili, sikio linasikia tofauti kidogo tu. Ili isikike kama imezidi mara mbili, wati ziwe kama mara kumi. Lakini ukisukuma sabwufa kwenye pembe ya nyumba, kuta zinaongeza besi bure. Ikivuma kupita kiasi, ivute nje kidogo kidogo mpaka ikae sawa.

Kuna wakati spika yenyewe imechoka. Mpira wa ukingoni umepasuka, au panya wamekula karatasi. Fundi wa jua kali anaweza kubadilisha mpira peke yake, na ni rahisi kuliko kununua mpya. Kama ni lazima kubadilisha spika nzima, angalia omu zilizoandikwa nyuma yake. Ya omu 8 ukiiweka ya omu 4, amplifaya inavutwa umeme karibu mara mbili na inaweza kuungua, isipokuwa imeandikwa inakubali 4. Tena usikubali boksi la inchi sita na nusu litobolewe liingie spika ya inchi kumi. Spika kubwa inataka boksi kubwa, lenye mbao nzito, lililozibwa kwa gundi kila kona. Ndani ya boksi dogo besi inakuwa ya kelele tu. Ule mwanya wa duara ulioachwa na kiwanda usizibwe na tambara. Panya wakisumbua, weka waya wavu.

Na vijana wetu wasikie: sauti ikianza kukwaruza, punguza mara moja. Amplifaya ndogo ikilazimishwa inachoma koili ya spika, na harufu yake mtaijua.

Katika mkutano ujao mleteni mwanachama mwenye seti, msome kibandiko pamoja, mpige hesabu ya betri mliyo nayo. Halafu chezeni mafundisho dakika tano, besi ya sabwufa ikiwa imepunguzwa kabisa, na mwulize aliyekaa mlangoni alisikia nini. Sisi tulifanya hivyo, na pesa zilizobaki zikarudi kwenye mfuko wa karo.