Ustahimilivu wa Manusura wa Kiwewe: Mfano wa Busia na Malaba

Makala haya yanachunguza dhana ya ustahimilivu katika kazi ya ustawi wa jamii miongoni mwa manusura wa kiwewe, kwa kurejelea miji ya Busia na Malaba upande wa Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba ustahimilivu si sifa ya moyo wa mtu mmoja tu, bali hutegemea watu waliomzunguka. Na kwamba msamiati wa afisa wa ustawi waweza kuufunua au kuuficha ukweli huo.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini Kenya na kuwang'oa makwao mamia ya maelfu. Takribani 12,000 walikimbilia Uganda, wengi wakipitia Busia na Malaba. Baadhi yao walihifadhiwa kwa muda Mulanda, wilayani Tororo, na baadaye mwaka wa 2008 wakahamishiwa Kiryandongo. Kwa Mteso au Msamia, mpaka huo ni mstari uliochorwa katikati ya ukoo. Ng'ambo kuna shangazi na mjomba. Lakini wengi wa waliokimbia walikuwa Wakikuyu, na kwao ng'ambo palikuwa ugenini. Afisa anayempima kila mtu kwa nguvu zake za ndani pekee atamwona mwenye jamaa kuwa shujaa, na asiye na jamaa kuwa dhaifu.

Utafiti wa Emmy Werner na wenzake katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, unaunga mkono mtazamo huu. Waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka wa 1955. Miongoni mwa waliokulia katika hatari nyingi, takribani theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye uwezo na imani. Mojawapo ya mambo yaliyowakinga ni kuwa na walau mtu mzima mmoja aliyewajali, awe mzazi, bibi, mwalimu au jirani.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika mazungumzo ya kila siku, aliyeteswa huambiwa, "Vumilia, mama." Neno hilo lina huruma, lakini mara nyingi huwa kifuniko: anayeambiwa avumilie huelewa kwamba anyamaze. Stahimili, kwa upande wake, lina mzizi mmoja wa Kiarabu na himili na hamali, yaani mchukuzi. Ndani yake mna mzigo, na penye mzigo mtu anaweza kuuliza nani atasaidia kuubeba. (Si vibaya kukumbuka kwamba bodaboda, jina lililoenea Afrika Mashariki nzima, lilitokana na waendesha baiskeli wa mpaka huu waliopakia watu na mizigo kutoka boda hadi boda.)

Tuseme mama muuza omena hapo Malaba hushtuka kila lori linapofunga breki, na usiku huweweseka. Kumlazimisha asimulie yaliyompata katika kikao cha kwanza kwaweza kumuumiza upya. Afadhali afisa aanze na maswali madogo: Nani hulala nyumbani kwako? Ukiugua, nani hukuuzia omena? Mama, uko katika chama chochote? Majibu yake humwonyesha afisa pa kushika, nayo maumivu hupata nafasi yake mwenyewe anapokuwa tayari. Dalili zikizidi au zikidumu, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Chama hakichukui nafasi ya tiba.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Sifa za ustahimilivu zisigeuzwe kisingizio cha kuwanyima manusura haki. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake mwaka wa 2013 na kupendekeza fidia kwa waathiriwa. Mtu aliyeinuka akafungua kibanda bado anadai nyumba yake iliyoteketezwa. Kwa hiyo faili ya mama yule yafaa iwe na kurasa mbili: moja ya watu wanaomsaidia, na nyingine ya mali aliyopoteza, pamoja na mahali na tarehe.