Somo la Kiingereza: Nani amekopa, nani amekopesha?

Leo tunaangalia kitenzi "lend", maana kinatusumbua wengi tuliotoka Kongo, hata wale waliosoma.

Kwa Kiswahili tunasema kukopa na kukopesha. Kifaransa nacho kina emprunter na prêter. Kwa Kiingereza, anayetoa ndiye "lends", anayepokea ndiye "borrows". Kosa letu huenda linatoka kwenye neno kuazima, kwa sababu lenyewe linakwenda pande zote mbili: nimeazima jembe kwa jirani, na jirani ameniazima jembe. Basi tunachukua "borrow" na kuitumia vivyo hivyo.

Hapa Kampala utasikia "borrow me" kila mahali, na ukisema hivyo katika soko la Nakawa utaeleweka na utapewa. Waganda pia husema hivyo, ingawa Kiganda kinatenganisha okuwola na okwewola. Kwa hiyo tusichekane.

Shida iko kwenye karatasi. Tuseme mama anayeuza nyanya amempa jirani yake shilingi 200,000, akaandika: "I borrowed my neighbour 200,000 shillings." Siku ya kudaiana, karatasi inafika mbele ya mwenyekiti wa LC. Msomaji anaona sentensi ina kasoro, anaitengeneza kwa kuongeza neno dogo "from" kabla ya "my neighbour". Sasa mwenye pesa amekuwa mdaiwa! Mama alipaswa kuandika: "I lent my neighbour 200,000 shillings." Jirani ndiye wa kuandika: "I borrowed 200,000 shillings from my neighbour."

Kumbukeni, jana ya "lend" ni "lent", si "lended". (Ikiandikwa kwa herufi kubwa, "Lent" ni Kwaresima, jambo jingine kabisa.) "Loan" ni mkopo wenyewe. Na ukiombwa "lend a hand", hakuna pesa hapo, unaombwa kusaidia kazi.

Wakopeshaji wa mjini huitwa "money lenders", na sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inawataka wawe na leseni. Katika mkataba wao "lender" ni mwenye pesa, "borrower" ni mkopaji. Kabla ya kuweka sahihi au kidole, tazama jina lako limeandikwa upande gani.

Zoezi: andika kwa Kiingereza, "Dada amenikopesha nauli" na "Nimekopa nauli kwa dada."