SOMO LA WIKI: Mbia wako wa ng'ambo ana siku ngapi za kukaa nyumbani?

Si ajabu kwa mfanyabiashara wa Mwera, Pangani, kuwa na mbia ng'ambo: kaka yuko Marekani, shangazi Uingereza, au mtoto Kanada. Yeye analeta mtaji, wewe unasimamia shamba au duka. Siku moja anakupigia simu: "Nakuja nikae miezi 18, tuusimamie mkonge wenyewe." Habari njema. Lakini kabla hajakata tiketi, pigeni hesabu ya siku. Akipoteza ukaazi wa kudumu, kipato chake cha huko kinakatika, na mtaji wenu unakauka.

Kila nchi na kipimo chake

Marekani: Mwenye grini kadi akikaa nje mwaka mmoja au zaidi, kadi peke yake haimrudishi. Akizidisha siku 180, afisa wa uhamiaji anaweza kumhoji kama mtu anayeomba kuingia upya. Hata kwenda na kurudi hakumkingi ikiwa maskani yake hasa yanaonekana kuwa Pangani. Hutazamwa nyumba, kazi, akaunti ya benki na kodi ya mapato.

Uingereza: Kwa kawaida, akizidisha miaka 2 mfululizo nje, ukaazi unakufa wenyewe.

Kanada: Awe ndani siku 730 katika kila miaka 5. Si lazima zifuatane.

Angalizo: grini kadi nyingi huchapwa muda wa miaka 10. Huo ni muda wa kadi, si ruhusa ya kukaa nje miaka 10.

Hesabu ya mfano

Miezi 18 ni siku 548 hivi. Wa Kanada ana takriban siku 1,095 za kuwa nje katika miaka 5; yuko salama kama hakutumia nyingi kabla. Wa Uingereza hajafika miaka 2. Wa Marekani amevuka mstari. Alitakiwa kuomba kibali cha kurejea akiwa bado Marekani. Kwa kawaida hudumu hadi miaka 2. Akikikosa, itambidi aende ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, akathibitishe kwamba alicheleweshwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, mfano ugonjwa. Kupalilia shamba kwa hiari yake si udhuru wa namna hiyo.

Kumbukeni pia kwamba mkonge huchukua kama miaka 3 kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Mkonge unasubiri, kadi haisubiri.

La kufanya

1. Mbia aje kwa safari fupi, wakati wa kupanda na wa kufunga hesabu.
2. Andikianeni mkataba unaotaja msimamizi na mshahara wake.
3. Aendelee kuwasilisha hesabu za kodi huko kama mkaazi.
4. Akifikiria uraia wa huko ili aepuke kuhesabu siku, amwone mwanasheria kwanza. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia katika kumiliki ardhi.

Mwisho, mbia aandike tarehe ya kila kutoka na kila kurudi. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na siku nazo ni mali.