Somo: Meli Ikizama, Nani Ataondoa Mabaki?

Ndugu wanavikundi, sisi wa Gesima tuko mbali na bahari, lakini mbolea na mafuta yetu hupitia Mombasa. Meli ikizama njiani, mabaki yake huhatarisha meli nyingine, na kuyaondoa ni gharama kubwa. Mwenye meli akitoroka, mzigo huo huangukia wananchi.

Ndiyo sababu mkataba ulipitishwa Nairobi mwaka 2007, ukaanza kutumika 2015. Unasema mwenye meli ndiye anayegharamia kuondoa mabaki ya hatari. Meli ya tani 300 na zaidi lazima iwe na bima au dhamana, na serikali yaweza kuidai kampuni ya bima moja kwa moja.

Tujadiliane: Pikapu ya kikundi ikianguka na kuziba barabara, nani atalipa? Katiba yetu inasemaje?