Babu Yupi?

Mdogo wangu wa Muheza ameniandikia kwamba amenunua daftari, amechora mti wa ukoo, na mti wenyewe umegota kwa babu mzaa baba. Anauliza afanyeje. Kwanza weka rula pembeni, mwaya. Na mimi nilianza na mchoro, tena kwa madaha.

Mwaka mzima niliandika kila nilichosikia kuhusu "babu": alikata mkonge, alipigana vitani, alioa mara tatu. Nikawa najiuliza mtu mmoja muda huo aliupata wapi. Siku moja shangazi akanisikia nikisoma, akacheka mpaka khanga ikamfunguka. Kumbe walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja, babu na mdogo wake, na huyo mdogo naye kwetu ni babu. Kiswahili kina ukarimu huo: baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na binti yake ni dada yako. Nyumbani ni raha, daftarini ni mtego. Basi kila anayetajwa, uliza katoka tumbo la nani.

Majina nayo yana vituko vyake. Juma Ali Hamisi akipata mtoto akamwita Salim, huyo ni Salim Juma Ali. Hamisi keshaachwa njiani. Ukitafuta "Hamisi" kizazi kizima utazunguka bure. Na kama ukoo una Wakristo, parokiani babu huenda kaandikwa Petro wakati kijiji kizima kilimjua kwa jina la Mashaka. Nenda na majina yote mawili, na usishangae R ikiwa L, kwani padri mgeni aliandika alivyosikia.

Sasa kwa nini babu yako amegota? Mashamba ya mkonge ya Tanga yalivuta vibarua kutoka mbali, wengine Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Huenda babu hakuzaliwa hapo kabisa. Uliza alikuwa anatukana kwa lugha gani akikasirika. Sitanii, wazee wanalikumbuka hilo kuliko jina la kijiji alikotoka.

Mwaka wa kuzaliwa usimwulize bibi. Atakutajia ule wa kwenye kitambulisho, ambao mara nyingi karani alikisia tu. Muulize hivi: Uhuru wa 1961 ulikukuta umeshaolewa? Mlipohamishwa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, mgongoni ulimbeba nani? Vita vya Kagera vinaanza 1978, baba alikuwa darasa la ngapi? Akisema la nne, na kwa kuwa wengi walichelewa kuanza shule, andika "kati ya 1965 na 1968". Usiandike 1967 eti kwa sababu inapendeza. Na kama ukoo ulihamishwa, omba mtu mzima akupeleke mahame. Makaburi ya zamani yamebaki huko.

Kwenye kuandika nina ukali kidogo. Kila habari iwe na mwenyewe na tarehe: shangazi kasema, Jumapili fulani, sebuleni kwake. Baba mdogo akipinga, andika na lake chini yake, usiwapatanishe. Nimesoma historia za koo ambamo kila babu alikuwa shujaa na hakuna aliyewahi kudaiwa. Ukimaliza humkumbuki hata mmoja. Ila habari za mtoto wa nje, au za nani alimkimbia nani, ukizipata na wahusika wangali hai, zikae daftarini kwako mpaka wenyewe waridhie.

Kesho nenda kwa bibi asubuhi, kabla jua halijamchosha, na kilo ya sukari. Simu ya kurekodia iweke mkekani aione, umwombe ruhusa. Ukimkuta anachambua mchicha, chambua naye. Mwambie umekuja kwa habari za babu, kisha nyamaza. Akikuuliza "babu yupi?", fungua daftari.