Aliyeumia Kichwa Si Mvivu

Mkuza, Kibaha, iko kwenye barabara ya Morogoro, na wakazi wake hawahitaji kusimuliwa habari za ajali. Majeruhi hukimbizwa Hospitali ya Tumbi, na walioumia vibaya kichwani hupelekwa Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili. Wapo ambao kwa rehema za Mwenyezi Mungu (S.W) huzinduka baada ya siku nyingi za kupoteza fahamu, wakarudi nyumbani wakitembea. Watu husema Alhamdulillah, na habari huishia hapo.

Kumbe kwa mgonjwa ndiyo kwanza inaanza. Kidonda kimefunga, nywele zimeota, lakini anasahau alichotumwa, anachoka kabla ya adhuhuri, kelele zinamuudhi, anafoka kwa jambo dogo. Kwa kuwa jeraha la ubongo halionekani, mtaani huitwa mvivu, mkorofi au mwenye majini. Wengine huzungushwa kwa waganga huku siku za kliniki zikipita.

Jambo hili si geni. Mwaka 1848 huko Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli, Phineas Gage, alipitiwa na mtaimbo kichwani. Alinusurika, lakini tabia ilibadilika na waajiri wake wakakataa kumrudishia nafasi yake. Hata hivyo, baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi yenye utaratibu wa kila siku. Hakurudi alipokuwa, ila alirudi kazini.

Wataalamu wa tiba kwa vitendo huufuata mwendo kama huo kwa makusudi. Mgonjwa huanza kwa saa chache, kazi moja kwa wakati, daftari mfukoni, kengele ya simu ya kumkumbusha, na mapumziko kabla hajachoka. Mwashi aliyepata kifafa kutokana na jeraha hapandi jukwaa, atafutiwe kazi ya chini. Dereva wa bodaboda asiguse pikipiki mpaka daktari aridhie.

Sisi Waislamu tulitakiwa tuwe wa kwanza kulielewa hili. Imran bin Huswayn (R.A) alipougua, Mtume (S.A.W) alimuelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Swala haikuondoka, bali ilimfuata mja pale uwezo wake ulipo. Iweje basi kwa kazi ya kufyatua matofali tumwambie mtu ama afanye kutwa nzima ama aende zake?

Sheria za nchi nazo zipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Aliyeumia kazini ana haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa Sheria Namba 20 ya mwaka 2008, na mafao yake hayaishii kwenye matibabu, utengamao nao umo. Ndugu wengi hawaulizi.

Kijana wa bodaboda asiye na mwajiri haya hayamfikii. Huyo, akiwa fukara au maskini, yumo katika wanaostahiki zaka, na kamati ya msikiti wa mtaani inaweza kuanza na nauli yake ya kwenda kliniki kila mwezi.